Broila siku ya 28 hawafiki hata kilo, ini la njano kabisa. Shida ni vifaranga au chakula?

#1 Chanika_Boy

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada maana hapa nilipo sijala tangu mchana. Niliingiza vifaranga 500 wa broila, hii ni bechi yangu ya tatu, mbili za kwanza nilitoka vizuri tu. Stata (chakula cha kuanzia vifaranga) nilinunua ya kiwandani mifuko minne ya kilo 50 ikaisha siku ya 12, hapo nikaanza kuwalisha cha kuchanganya mwenyewe maana mifuko imepanda bei na mimi hesabu zangu zilikuwa zimebana. Nilisaga tani moja, mahindi, soya, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, mifupa, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), kila kitu kwa fomula ileile ya bechi ya pili.

Leo siku ya 28 nimepima kuku 20, wastani gramu 850. Mkubwa ana kilo na robo, mdogo gramu 500, yaani ukiingia bandani unaweza kudhani ni kuku wa rika mbili tofauti. Wameshakula jumla kilo 950. Vifo 31 mpaka sasa, havijaja kwa mkupuo, ni wawili leo, mmoja kesho, watatu keshokutwa. Miguu na upanga vimepauka. Chanjo zote nimepiga, Gumboro mara mbili na kideri. Nimepasua watatu leo, ini kubwa na la njano, ukilibinya linamumunyuka kama kiazi kilichoiva.

Jamaa wa duka la dawa kanipa antibayotiki ya siku tano, leo ya tatu, sioni tofauti. Mimi nawaza nimepigwa vifaranga vya daraja la pili. Kuna mtu kapitia hii?

#2 Sina Hela

Fuga kienyeji mzee, hao wa maabara watakuua na presha.

#3 Mama Mabanda

Pole mwanangu. Kifaranga kibovu anajionyesha wiki ya kwanza, ungeona vifo vingi kabla ya siku ya saba na kitovu kibichi. Wako walikwenda vizuri mpaka siku ya 12 halafu wakasimama. Jiulize siku ya 12 kilibadilika nini. Umeshajijibu mwenyewe kwenye maelezo yako.

Hayo mahindi uliyanunua wapi na lini?

#4 Chanika_Boy

Mama mahindi niliyachukua kwa mtu analeta na fuso, gunia 12 za kilo mia, mwezi wa nne katikati ya mvua. Aliniuzia sh 600 kilo wakati sokoni ilikuwa 850. Akaniambia ukweli kabisa kwamba yalilowa kidogo njiani turubai lilichanika lakini wameyaanika jua kali siku mbili na yamekauka. Na kweli yalikuwa makavu, nilitafuna. Harufu kidogo tu ya stoo, ila yaliposagwa sikuisikia tena.

#5 Mama Mabanda

Basi hapo ndipo palipo na mchawi wako.

#6 Babu Tiba

Hiyo ni fangasi ya tumbo. Weka mrututu, yale mawe ya bluu, kwenye maji siku tatu, na kwenye chakula changanya unga wa mkaa na majivu. Sisi tumefuga tangu miaka ya themanini hatukuwa na maabara.

#7 VetiWaPori

Mleta mada simamisha kwanza hiyo antibayotiki, unachoma hela. Kabla sijasema neno nijibu mambo matatu. Ulipowachinja uliona madoa ya damu chini ya ngozi, kifuani au mapajani, kama kuku aliyepigwa? Kuna vidonda au magamba kwenye kona za mdomo? Na je kuna mnyama mwingine yeyote aliyekula hicho chakula, bata, mbwa, nguruwe?

#8 Chanika_Boy

Daktari madoa yapo, nilidhani ni kwa sababu nilimkamata vibaya. Mdomoni hakuna kitu nimeangalia sasa hivi na tochi.

Wanyama wengine hapana... ila subiri. Jirani yangu ana bata, huwa wanapita chini ya wavu wanaokota chakula kinachomwagika nikifagia. Wiki mbili zilizopita walikufa vifaranga wa bata wote saba na mmoja mkubwa. Mama mwenye bata alinisema sana, alidhani nimetega sumu ya panya. Mimi sikuweka sumu yoyote naapa.

#9 VetiWaPori

Uliweka mkuu, ila hukujua.

Nisikilize vizuri. Ukungu ukishika mahindi, hasa ule wa kijani unaelekea njano, unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini, kwa Kiswahili siku hizi tunasema sumukuvu. Katika ndege wote tunaofuga, kifaranga wa bata ndiye anayekufa upesi zaidi kwa hiyo sumu, anafuata batamzinga, kuku yeye ni mgumu kidogo. Kwa hiyo kiasi kilekile kilichoua bata wa jirani kwa siku chache, broila wako anakibeba, ini linaharibika polepole, chakula anakula lakini mwili haukitumii. Hata sumu hii yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyohiyo, mwaka 1960 kule Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya laki moja ndani ya miezi michache, wakauita ugonjwa X maana hawakujua ni nini, na vifaranga wa bata nao wakafa, baadaye ikaja kuonekana wote walikula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil yakiwa na ukungu.

Dalili zako zinapanga mstari. Ini la njano na linalomumunyuka ni mafuta yamejaa. Madoa ya damu ni kwa sababu ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, likiumia kuku akiguswa tu anavilia. Kupauka miguu ni kwamba ile rangi ya njano ya mahindi haifyonzwi tena. Vifo vya kudonoa mmojammoja ni kinga imeshuka, kila ugonjwa mdogo unaopita unamchukua mtu wake, na chanjo uliyopiga huenda haikushika sawasawa.

Siwezi kuapa bila kipimo. Lakini kwa bata wale, mimi ningekiondoa hicho chakula usiku huuhuu kabla ya kulala.

#10 Chanika_Boy

Dah. Nimekitoa. Nimekopa mifuko mitatu ya finisha (chakula cha kumalizia) dukani.

Ila daktari nisichoelewa, mahindi yalikauka kabisa. Jua la siku mbili halikuua huo ukungu?

#11 VetiWaPori

Ukungu uliacha kukua, sumu ikabaki. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Ukungu ni kiumbe, ukianika anaacha kukua, ukipuliza unga wake unapeperuka, ukipeta harufu inapungua. Sumu siyo kiumbe, ni kemikali iliyokwisha kuingia ndani ya punje. Jua haliitoi, kuchemsha hakuitoi, hata ule moto wa mashine ya kutengeneza peleti hauiwezi. Kwa hiyo mahindi makavu yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu kibao, na mahindi yenye ukungu wa kuonekana yanaweza yasiwe na sumu hii kabisa maana kuna kuvu za aina nyingi. Jicho halitoshi.

Na Babu Tiba kwa heshima zote shikamoo, mrututu unaweza kuzuia ukungu kuota lakini sumu iliyopo hauigusi, ukizidisha unachubua firigisi ya kuku mwenyewe. Mkaa wa jikoni nao siyo ule mkaa maalumu wa dawa, tena hata ule maalumu majibu yake hayajanyooka. Majivu sijui tuyaweke kwenye kundi gani.

#12 Babu Tiba

Marahaba. Majivu weka kwenye maharage basi.

#13 Dalali wa Nafaka

Naongea kama mtu wa upande wa pili, msinipopoe mawe. Niko kwenye biashara ya mahindi mwaka wa tisa, Kibaigwa mpaka Manzese. Mahindi yakilowa hayatupwi, huo ndio ukweli. Yanaanikwa, yanachekechwa, yanachanganywa na mazuri gunia moja kwa manne, na yale yaliyoshindikana kabisa kuna msemo sokoni, "haya ya kuku". Mtu hawezi kumuuzia mwenye sembe kwa sababu sembe ikitoka na rangi mteja anarudi nayo dukani, lakini mfugaji hana macho, yeye anaangalia bei. Ukiona tofauti ya sh 250 kwa kilo ujue kuna mtu kashaona kitu ambacho wewe hujakiona.

Mkinunua dai bambo, kile chuma cha kuchoma gunia kutoa punje za ndani. Chomeni kila gunia, juu, katikati, chini. Muuzaji akikuonyesha gunia lililofunguliwa mdomo huyo anakuonyesha uso uliopakwa poda.

#14 Sina Hela

Sasa hapa nimeanza kusoma kwa makini.

#15 Mama Mabanda

Ahsante dalali kwa kusema kweli. Na mimi niongeze la pumba. Watu wanakimbilia pumba ya mahindi kwa sababu ni rahisi, wakati ukikoboa mahindi sehemu kubwa ya sumu inaondoka na ganda na kiini, yaani binadamu anakula sembe nyeupe na kuku anapelekewa kile kilichotolewa. Mimi pumba ya mahindi kwa broila niliacha. Na chenga hivyohivyo, punje iliyovunjika au kutobolewa na dumuzi ndiyo ukungu unaingilia, kwa hiyo kabla ya kusaga nachekecha, vumbi na chenga zote natoa. Inaniuma kutupa kilo tano sita kwenye gunia lakini nilishalia zaidi ya hapo.

Mashudu ya alizeti na pamba nayo myaangalie, yakikaa godauni miezi yakashika unyevu ni yaleyale. Ya karanga ndiyo hata siyagusi.

#16 Kiambu Kuku

Habari wakubwa, nawasoma kutoka Kenya. Hii mambo huku tunaijua vibaya sana. 2004 Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya hii sumu, tangu hiyo siku mtu wa ukambani ukimpa mahindi ananusa kwanza. Halafu mnakumbuka Machi 2021 serikali yetu ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikisema yako na sumu? Watu wa feed walilia, bei ikapanda, after siku chache wakafungua na masharti ya vipimo. Lakini tusidanganyane, hata yetu ilikuwa na sumu, ni vile tu ya jirani huwa inanuka zaidi.

Swali langu: hizi binda, zile za kuchanganya kwa feed zishike sumu, zinasaidia ama ni biashara? Mimi huwa naweka lakini siku ingine kuku wanadorora tu.

#17 Chanika_Boy

Kiambu Kuku na sisi tusicheke, 2016 Dodoma na Manyara walikufa watu 20 kwa mahindi hayahaya. Shangazi yangu yuko Chemba, ndiyo nilisikia neno sumukuvu kwa mara ya kwanza, ila sikuwahi kulihusisha na kuku hata siku moja.

#18 VetiWaPori

Binda zinasaidia ila zinauzwa kwa maneno mengi kuliko kazi yake. Zile za udongo, bentonaiti na jamaa zake, zinashika aflatoksini vizuri ndani ya utumbo ili itoke na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu. Lakini kuvu si moja. Kuna sumu nyingine ya T-2, ndiyo ile nilikuwa naulizia vidonda vya mdomo, kuna okra... okratoksini inayovimbisha figo kuku wanakunywa maji sana na matandazo yanalowa, kuna fumonisini ambayo iko kwenye mahindi mengi ya kwetu. Hizo udongo wa kawaida unazishika kidogo sana. Kwa hizo kuna binda za kuta za hamira na nyingine zenye vimeng'enya, bei yake nayo inajulikana. Kwa hiyo Kiambu Kuku ukiweka udongo na shida yako ni T-2 utaona kuku wanadorora vilevile na utasema binda ni feki.

Kipimo nyingi ni kilo moja mpaka mbili kwa tani, soma lebo. Na usiipime kwa kopo ukamwaga juu ya lundo, changanya kwanza na kilo kumi za unga, halafu ndio uingize kwenye mchanganyiko mkubwa, la sivyo kuku mmoja anakula udongo na mwenzake anakula sumu.

Halafu msije mkanielewa vibaya, binda ni mkanda wa gari. Haukupi ruhusa ya kuendesha umelewa.

#19 Neema_K

Samahani naingilia, mimi nina vifaranga siku ya 6 wanahema kwa kufungua mdomo, na maranda niliyoweka yalikuwa mabichi yana ukungu mweupe. Ndo hii sumukuvu?

#20 VetiWaPori

Hapana dada Neema, hiyo ni nyingine. Hapo inawezekana ni mbegu za kuvu zenyewe zimevutwa na pumzi zikaota kwenye mapafu, tunaona sana kwenye bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) yenye maranda mabichi. Toa matandazo yote leo, weka makavu, fungua hewa. Pasua mmoja uangalie mapafu, ukiona vipunje vya njano kama mchele anzisha uzi wako unitag.

#21 Chanika_Boy

Wakuu narudisha majibu. Nilifanya kama mlivyosema, nikachukua kiganja kutoka kila gunia katika yale sita yaliyobaki, juu, kati na chini, nikachanganya kwenye turubai nikatoa kilo mbili, na chakula kilichosagwa kilo nyingine mbili kwenye mfuko wa karatasi. VetiWaPori aliniambia inbox nijaribu TVLA Temeke (maabara ya mifugo ya serikali) au SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine), niulize kwanza kama kipimo kipo, nashukuru.

Chakula: ppb 96 (sehemu 96 za sumu kwa bilioni). Mahindi: ppb 140.

Kiwango cha mahindi ya kula binadamu Afrika Mashariki ni 10. Wamarekani kwa kuku wachanga wanasimamia 20.

Nimekaa chini kabisa.

#22 Mama Mabanda

Pole sana. Sasa kuku wanaendeleaje?

#23 Chanika_Boy

Leo ni siku ya tisa tangu nibadilishe chakula. Vifo vimesimama siku nne zilizopita. Nawapa vitamini ya maji yenye K na E, daktari aliniambia hakuna dawa ya kuivuta sumu mwilini, ni kuondoa chanzo na kulisaidia ini, na chakula kiwe na protini ya kutosha na methionini. Wakubwa wamechangamka, wadogo wale wa nusu kilo sidhani kama watakuja kuwa kuku. Hesabu: kwa kilo 950 nilitakiwa niwe na kuku wa kilo na nusu karibu siku ile ya 28. Niliokoa laki tatu kwenye mahindi, nimepoteza zaidi ya milioni na nusu mpaka sasa bila kuhesabu bata wa jirani. Nimemlipa. Alikataa kwanza nikamwachia hela kwa mwanae.

#24 Kiambu Kuku

Bechi ingine utafanya nini tofauti bro?

#25 Chanika_Boy

Kwanza sinunui mahindi masika. Nitanunua mwezi wa saba wa nane yakiwa yametoka shambani makavu, niweke kwenye mifuko ya PICS ile ya kubana hewa. Nimejifunza na kile kipimo cha chumvi, chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi ya chupa, chumvi kavu vijiko vitatu, unatikisa dakika moja unaacha kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye kuta mahindi ni mabichi.

#26 Dalali wa Nafaka

Kipimo cha chumvi kizuri ila kina mtego. Kinakuambia unyevu umezidi 15 kwa mia. Isipoganda inaweza kuwa 14 na bado kwa kuweka stoo muda mrefu unataka 13 kushuka chini. Tafuta mtu mwenye mashine ya kupima, maghala mengi wanayo. Na kipimo cha unyevu kinakuambia kesho yake, hakikuambii jana, ya kwako yangepita kipimo hicho vizuri tu maana yalishaanikwa.

#27 VetiWaPori

Huyu dalali kasema neno zito kuliko yangu yote. Chanika_Boy mahindi yako yalikuwa makavu. Kilichokuponza ni historia yake, na historia unaipata kwa kumuuliza mtu unayemwamini au kwa kupima maabara.

Na upande wa banda, msisahau. Magunia yawe juu ya chaga, mbali na ukuta, Dar hii ukuta unalia maji usiku. Saga cha wiki mbili usisage cha miezi miwili, punje nzima inajilinda, ikishasagwa haina ngozi. Vyombo vya chakula vile vya kuning'iniza pindua uangalie chini, kuna keki ya kijani huwa imeganda pale watu hawajawahi kuiona tangu wanunue chombo, na kila siku mnamwagia chakula kipya juu yake.

#28 Mama Mabanda

Hahaha nimeinuka kwenda kuangalia. Ipo.

#29 Nguruwe_Boss

Mkuu Chanika yale magunia sita yaliyobaki unayauza bei gani? Nina nguruwe, nitachanganya na mazuri. Nakufuata na kirikuu.

#30 VetiWaPori

Boss usifanye hivyo. Nguruwe hasa wadogo na mama wenye mimba wanaumia, na mbwa wako ndiye atakufa wa kwanza. Kuchanganya na mazuri hakupunguzi sumu hata chembe, unaigawa tu.

#31 Chanika_Boy

Siuzi mkuu, samahani. Yule wa fuso naye kanipigia jana anasema atayachukua arudishe nusu ya hela. Nilikaribia kukubali. Halafu nikawaza akiyachukua yanakwenda wapi, na jibu nilikuwa nalo tayari, Dalali kalisema hapo juu. Nimechimba shimo nyuma ya banda, magunia yote na kile chakula kilo 250, nimemwagia chokaa nimefukia. Dogo aliyenisaidia kuchimba aliniomba debe moja akapeleke nyumbani kwao. Ilibidi nimnunulie unga.

#32 Sina Hela

Swali la kichokozi lakini la kweli. Wale kuku 460 uliobaki nao unawapeleka wapi?

#33 Chanika_Boy

Nilijua utakuja tu.

Nimemuuliza daktari hilohilo. Kwenye nyama inabaki kidogo sana, ini ndilo linalobeba, na wakila chakula safi wiki moja hivi nyingi inatoka. Leo wana siku tisa, nitawafikisha kumi na nne hata kama kila siku inanila mfuko. Mteja wangu ni mtu wa chipsi, nimemwambia wazi kuku hawa maini simpi, na kila kuku nampunguzia mia tano. Akaniuliza kwanini, nikamsomea uzi huu kuanzia juu.

Kachukua 200. Akasema ndugu yake ana banda Mbagala, na yeye mahindi yake anayanunua kwa mtu wa fuso.